Uzi: Taa za bei nafuu kwa studio ya video nyumbani, Mombasa. Tuanzie wapi?

NuruKisauni (mwanzisha uzi)
Assalaam aleikum wadau. Chumba ni futi 10 kwa 12, dari futi 9, kuta zimepakwa kijani na mwenye nyumba hataki zibadilishwe. Dirisha ni moja, linaangalia kusini. Nusu ya kazi ni mtu kukaa na kuzungumza, nusu ni mapishi juu ya meza. Kamera ni simu. Bajeti elfu kumi na tano kwa taa zote pamoja na vyuma vya kusimamishia. Nini kinunuliwe kwanza, na nini niachane nacho?

FundiStima_Likoni
Waaleikum salaam. Kabla ya kununua chochote, malizana na mpepeso. Stima yetu ni volti 240 kwa hezi 50, kwa hivyo taa ambayo drava yake (sakiti ya ndani inayoiendesha) haitulizi umeme huongezeka na kupungua mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona, na video inatoka na mistari myeusi inayopanda ukutani.

Balbu za LED za bei ya chini mara nyingi hazina kapasita ya kutuliza umeme, au ipo ndogo mno. Waweza kuchukua mbili za wati sawa, boksi zinafanana, moja inapiga mistari na nyingine imetulia kabisa. Kwa hivyo pima pale pale kaunta. Karibu kila duka la stima lina holda ya kujaribia balbu.

1. Fungua kamera ya simu upande wa pro (wa kurekebisha kwa mkono), weka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde.
2. Balbu ikiwaka, elekeza simu kwenye karatasi nyeupe uliyoisogeza karibu na balbu. Usielekeze kwenye balbu yenyewe. Karatasi ikingwe na taa za dukani, zisije zikapimwa hizo badala ya ile unayonunua.
3. Mistari myeusi iliyokolea, rudisha. Mawimbi hafifu yanavumilika. Ukiona pametulia, chukua zote unazohitaji siku hiyo hiyo na kutoka katoni hiyo hiyo, kwa sababu shehena ijayo yaweza kuja na drava nyingine chini ya jina lile lile.

Simu isiyo na pro, tumia video ya mwendo wa polepole. Mpepeso utauona wazi.

Upande wa kamera: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Kwenye iPhone fremu 25 hujificha mpaka uwashe mfumo wa PAL ndani ya mipangilio ya kamera. Android nyingi hazina fremu 25 katika kamera zao, lakini programu ya Open Camera ni ya bure na inakuachia kushika shata mwenyewe. Ikikulazimu kubaki na fremu 30, bado funga shata kwenye 1/50 au 1/100. Ile 1/60 ambayo simu hupenda kujichagulia haipatani na hezi 50.

Na usifunge dima (kipunguza mwanga) ya ukutani kwenye balbu za kawaida za LED. Zitavuma, zitapepesa, na hazitaishi.

Salim_wa_Tripodi
Mnamtesa bure. Anunue taa ya duara ya inchi 18, aweke simu katikati, kazi imekwisha. Watu wangapi wanarekodi hivyo?

KivuliLaini
Salim, kwa mtu wa vipodozi anayejirekodi uso kwa karibu, sawa. Kwa huyu ndugu hapana, na sababu ni nne. Taa ikikaa kwenye mhimili wa kamera, uso unakuwa bapa, pua na mashavu hayana umbo. Miwani inaonyesha duara zima. Mwanga unapita moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma, na ukuta wenyewe ni kijani. Na kwenye meza ya mapishi haikufai kitu, kwa sababu chakula kinataka mwanga wa nyuma au wa ubavuni ndipo mvuke na mng'ao wa mchuzi uonekane.

Kinachoamua ulaini wa kivuli ni ukubwa wa uso wa taa ukilinganisha na umbali wake. Taa ya sentimita 60 iliyo karibu nawe ni laini. Taa ile ile ukiipeleka mwisho wa chumba ni kali. Wati haziingii katika hesabu hiyo. Ndiyo maana paneli ndogo ya kiganja yenye LED 100 hutoa kivuli cha kukata hata ukiipunguza mpaka mwisho.

Umbali mzuri wa kuanzia ni ulalo wa uso wa taa. Fremu ya 60 kwa 60 ina ulalo wa sentimita 85, basi iweke sentimita 85 kutoka usoni, nje kidogo ya picha. Izungushe nyuzi 45 kutoka kamera, na ukingo wake wa chini uwe usawa wa macho. Ikiwa juu zaidi, macho yanaingia gizani. Ikiwa chini zaidi, kivuli cha pua kinapanda juu.

Upande wa pili usiweke taa. Weka ubao mweupe wa povu gumu (foam board) wa sentimita 60 kwa 90, ule wa maduka ya vifaa vya shule, nusu mita kutoka shavuni. Ukitaka uso wenye kina, uondoe au ugeuze upande mweusi.

NuruKisauni
Hiyo fremu ya 60 kwa 60 ni ya kununua au ya kutengeneza?

FundiStima_Likoni
Tengeneza. Vifaa vya taa kuu moja:

Plaiwudi ya milimita 9, kipande cha sentimita 40 kwa 40. Holda 4. Balbu 4 za LED za wati 15. Mbao nyembamba za fremu ya mbele ya 60 kwa 60. Waya wa nyuzi tatu wa milimita mraba 0.75. Plagi ya pini tatu. Rangi nyeupe isiyong'aa, robo lita inatosha na kubaki.

Holda zikae sentimita 18 kutoka katikati hadi katikati. Paka ubao na kuta za ndani rangi nyeupe. Watu hupenda kubandika foili ya jikoni, lakini foili laini huleta madoa ya mwanga, na rangi nyeupe inatawanya vizuri zaidi. Fremu ya mbele ikae sentimita 30 kutoka ubao wa balbu. Ukiisogeza karibu utaona mipira minne ya mwanga kwenye kitambaa, maana yake umerudi kwenye taa nne ndogo. Kuta za ubavuni ziwe kadibodi nene, juu acha tundu la upana wa vidole vitatu joto litoke.

Gawa nyaya: balbu mbili swichi moja, mbili swichi ya pili. Hapo una nusu mwanga na mwanga kamili bila dima. Unachotaka katikati ya hapo kipate kwa kusogeza. Kutoka mita 1 kwenda mita 1.4 mwanga unakuwa nusu, mita 2 unabaki robo.

Holda: madukani zimejaa za pini na za skrubu. Chagua aina moja kwa chumba kizima. Softboksi (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga) nyingi za kununua huja na skrubu, kwa hivyo ukifikiria kupanua baadaye, skrubu. Holda ya chuma lazima iungwe na waya wa athi. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3. Wati 60 kwa volti 240 ni robo ampea tu, hakuna sababu ya kuacha fyuzi ya 13 ilinde waya mwembamba namna hiyo.

Balbu ya wati 15 iliyo ya kweli ni lumeni 1,400 hadi 1,500. Nne, ukitoa kinachomezwa na kitambaa, zitakupa takriban luksi 400 (luksi hupima mwanga unaofika kwenye kitu) au zaidi kidogo kwa mita moja. Kwa simu yenye lenzi ya tundu la f/1.8 na shata 1/50, luksi 400 ni ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikipanda picha inaingia chengachenga). Huhitaji zaidi. Kwa kamera kubwa na lenzi inayouzwa pamoja nayo (kit) iliyo kwenye f/4, mwanga huo huo unataka ISO 500 hivi, bado picha ni safi.

MamaRangi
Kitambaa: bafta nyeupe nyembamba, mkunjo mmoja. Biashara Street utapata ya kila aina, chukua ile ukiinua dhidi ya taa unaona nuru bila kuona umbo la balbu. Kitambaa cha marekani usitumie, kina umanjano wake. Pazia la bafuni jeupe lisilo na maua linafaa vile vile na haliogopi vumbi. Karatasi ya kuokea keki nayo yafaa kwa taa ndogo ya nyuma.

Hayo ni kwa LED tu. Mwenye kufikiria zile taa za halojeni za wati 500 za mafundi wa ujenzi, aziache kabisa. Karatasi au kitambaa mbele yake kinawaka moto, na chumba cha futi 10 kitakuwa tanuri.

Sasa rangi, ambayo naona mmeipita haraka. Boksi linaandika 6500K, 4000K, 3000K. Hiyo ni kuwa baridi au kuwa na joto, kamera inarekebisha. Kisichorekebishika ni CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi. Balbu ya kawaida ni CRI 80, na hesabu ya CRI ya boksi ni wastani wa rangi nane zilizofifia. Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo katika wastani huo. Kwa hivyo balbu ya CRI 80 yaweza kuwa na R9 karibu na sifuri. Matokeo: ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi hukosa ule wekundu wa chini kwa chini, zinaingia ujivujivu. Nyama ya pilau inaonekana imelala. Hakuna kitufe cha kuhariri kinachorudisha rangi ambayo haikuwako kwenye mwanga.

Tafuta boksi lililoandikwa CRI 90 au zaidi, au Ra>90. Zipo chache, uliza maduka yanayouza taa za maduka ya nguo na vito, hao ndio wateja wake. Ukikosa maandishi, piga picha mbili za nyanya iliyoiva na kiganja chako vikiwa pamoja: moja mlangoni kivulini mchana, moja chini ya balbu, kila moja ikiwa imesawazishwa kwa karatasi nyeupe. Nyanya ikigeuka rangi ya matofali, balbu hiyo ni ya korido.

Na usichanganye. Taa zote zinazofika usoni ziwe Kelvini moja. Taa ya dari ya 3000K ikibaki inawaka huku taa kuu ni 6500K, shavu moja la chungwa na jingine la bluu. Zima ya dari. Kisha funga usawa wa rangi kwenye simu, usiache ijichagulie, maana kila mkono ukipita na kijiko chekundu itabadilisha rangi ya chumba kizima.

KivuliLaini
Nyongeza kwa MamaRangi kuhusu kuta za kijani. Ukuta unaodhuru zaidi ni ule wa upande wa pili wa taa kuu, kwa sababu ndio unaorudisha mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Tundika shuka nyeupe hapo kuanzia dari hadi kiunoni. Ukuta wa nyuma si tatizo ikiwa mtu amekaa mita 1.2 au zaidi mbele yake na taa kuu haiupigi moja kwa moja.

Boma_la_Kamera
Mimi sikubaliani na balbu nne. Kwa elfu kumi na tano, atafute LED ya chipu moja ya wati 60, hata iliyotumika. Mfano ni Godox SL60W: rangi ya mchana, mdomo wa Bowens unaokubali softboksi yoyote ya mfumo huo, dima isiyopepesa, na rangi yake inazidi balbu yoyote ya duka la stima. Anaanza na kitu ambacho hatakitupa.

FundiStima_Likoni
Taa ni nzuri, sibishi. Lakini hesabu inakuwa taa moja, na bado anataka softboksi, stendi inayobeba uzito huo, na mwanga wa meza. Taa hizo zina feni ndani, na kwenye chumba kidogo chenye kuta tupu feni inaingia kwenye maikrofoni. Anayezungumza tu, anunue hiyo. Anayepika na kuzungumza anahitaji mwanga sehemu mbili.

Bei siandiki, maana zinabadilika kila kontena likitoka bandarini. Mpangilio wa kutumia pesa ni huu: balbu za CRI ya juu kwanza, kisha stendi imara, kisha mbao na kitambaa, kisha taa ya nyuma. Kikibaki kitu ndipo paneli ya betri.

Boma_la_Kamera
Kwenye stendi tunakubaliana. Za bei rahisi zenye miguu myembamba huanguka taa ikipanda juu ya mita moja na nusu. Ning'iniza mtungi wa lita tano wa maji kwenye mguu unaoelekea upande wa taa, hizo ni kilo tano. Mtungi uguse sakafu kidogo, usibembee. Chumvi ya hewa ya hapa inakula skrubu na viungo vya stendi, tone la mafuta ya cherehani kila mwezi linatosha.

MezaYaBibi
Kwa mapishi: tyubu mbili za LED za futi 4, wati 18 kila moja, zilizopimwa mpepeso kama Fundi alivyoeleza. Zifungwe sambamba kwenye mbao ya inchi 2 kwa 2, zikae nyuma kidogo ya ukingo wa mbali wa meza, mita moja juu yake, zikiinamia upande wa kamera. Mwanga ukitoka nyuma, mvuke unaonekana mweupe na mafuta ya mchuzi yanang'aa. Ukiuweka juu ya kamera, chakula kinakuwa bapa na mkono wako unaweka kivuli ndani ya sufuria. Mbele ya meza simamisha ubao mweupe wa urefu wa sentimita 30 tu, chini ya picha, ujaze kivuli cha mbele.

Msitumie bomba la plastiki la inchi moja kama mhimili wa juu ikiwa urefu unazidi mita moja na nusu. Kwa joto la hapa linapinda lenyewe, halafu tyubu zinateleza. Na jiko liwe nje ya mstari wa tyubu, mvuke wa mafuta ukitanda kwenye tyubu mwanga unageuka manjano polepole bila mtu kugundua. Futa kila wiki, stima ikiwa imezimwa.

NuruKisauni
Shukran sana. Dirisha je? Niliachie au nizibe?

KivuliLaini
Inategemea mwezi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha lako la kusini miezi hiyo halipigwi na jua moja kwa moja, linakupa mwanga laini wa bure kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kaa ubavu kwa dirisha, ubao mweupe upande wa pili. Miezi iliyobaki jua liko kusini na litaingia ndani, tundika bafta kwenye kioo.

Tatizo la dirisha ni mawingu, hasa masika. Video ya dakika ishirini inaanza nyeupe na kuishia kijivu, na vipande havishonani. Kazi ndefu ziba dirisha, tumia taa. Klipu fupi, tumia dirisha na uzime taa zote za 3000K.

Salim_wa_Tripodi
Na stima ikipotea katikati ya kazi?

FundiStima_Likoni
Hapo ndipo taa yako ya duara au paneli ndogo ya USB inapata kazi. Pawabenki ya 20,000 mAh ina takriban Wh (wati-saa) 74, ukitoa upotevu unabaki na 60 hivi. Taa ya wati 10 itawaka saa sita. Paneli zinazokubali betri za kamera za aina ya NP-F ni bora zaidi, betri inabadilishwa katikati ya kazi.

Mwenye inveta na betri ya gari au ya sola ya 12V, 100Ah: tumia nusu tu ya ujazo kama ni ya asidi, yaani Wh 600. Taa ya wati 60 pamoja na upotevu wa inveta ni kama wati 70, saa nane. Lakini inveta za bei ya chini hazitoi wimbi safi, drava za LED huvuma na kupata joto, na mpepeso uliokuwa haupo unarudi. Pima tena kwa shata 1/1000 ukiwa kwenye inveta.

NuruKisauni
La mwisho kutoka kwangu: mara nyingi watakuwa wawili, mmoja kanzu nyeupe, mwingine buibui jeusi na miwani. Simu inachanganyikiwa.

KivuliLaini
Simu ikiachwa ijichagulie itapima nguo badala ya uso. Funga mwanga kwa mkono ukiangalia ngozi. Baada ya hapo tengeneza nguo kwa taa, si kwa simu.

Kanzu: mkalishe mwenye kanzu upande wa mbali na taa kuu. Kisha chukua kadibodi nyeusi ya 30 kwa 60, ishike kwa klipu chini ya taa, mita nusu hivi kutoka taani, ipandishe mpaka kivuli chake laini kifunike kifua na kisifike kidevuni. Kama programu yako ina mistari ya tahadhari (inayotokea mahali palipong'aa mno), iweke asilimia 95. Mistari ionekane kwenye kola kidogo, si kifua kizima.

Buibui: halitaki mwanga zaidi kutoka mbele, litageuka kijivu. Linataka taa ya nyuma, balbu moja ya wati 9 ndani ya boksi dogo, juu na nyuma ya bega, nje ya picha, upande ulio mkabala na taa kuu. Ukingo wa bega na mtandio unatengana na ukuta, na mkunjo wa kitambaa unaonekana.

Miwani: panda na taa kuu mpaka mng'ao utoke kwenye kioo, kisha ipeleke ubavuni hadi nyuzi 60. Ikibaki alama kidogo, inua mikono ya miwani juu ya masikio kama milimita tano, vioo vinainama na mng'ao unashuka nje ya lenzi.

MamaRangi
Na jasho. Mng'ao wa paji la uso ni picha ya taa yenyewe ikiakisiwa kwenye unyevu. Taa kubwa hutawanya mng'ao ukawa mpana na hafifu, taa ndogo huuacha doa jeupe. Tishu ya kubandua, usipanguse. Poda isiyo na rangi, kidogo.

NuruKisauni
Feni ya dari nayo lazima izimwe? Kwa joto la Februari watu watakimbia.

FundiStima_Likoni
Feni yenyewe haina ubaya, ubaya ni mwanga kupita kwenye mapanga yake. Taa ikielekezwa darini ili irudi chini, au taa ya dari ikiwa juu ya feni, kivuli cha mapanga kinakata chumba kizima na hakuna shata itakayokiondoa. Taa zote zikae chini ya usawa wa mapanga na zisielekee juu. Ukuta wa nyuma ukipepesa bado, tafuta taa inayochungulia juu na uizibe kwa kadibodi.

Usizime feni halafu ukaacha balbu zikichemka ndani ya boksi lililofungwa kote. Kapasita ya drava hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na chumba chetu kinaanzia 30. Lile tundu la juu la vidole vitatu lisizibwe na kitambaa. Feni ya mezani ikiwekwa nyuma ya kamera kwa kasi ya kwanza, ikipuliza miguuni, haifiki kwenye maikrofoni ya kifuani na haitikisi bafta.